Viungo Vidogo vya Lingala ya Vitabu

Wengi hufikiri kwamba Lingala ya vitabu vya sala ilizaliwa hivyo vinywani mwa watu. Sivyo. Sehemu yake kubwa ilitengenezwa kwa kalamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Padri Egide De Boeck wa shirika la Scheut aliikuta huko Makanza lugha ya biashara ya Mto, iliyoitwa Kibangala. Aliiona maskini na isiyo na utaratibu. Mwaka 1903 Walter Stapleton, mmisionari Mprotestanti wa Yakusu karibu na Kisangani, alitoa mapendekezo ya sarufi ya lugha hiyo. Mwaka 1904 De Boeck alitoa sarufi yake. Yeye aliiongezea viungo vidogo kutoka lugha za wenyeji, ili jina, hesabu na kitenzi vipatane, kama Kiswahili kisemavyo «vitabu vyangu viwili».

Kazi hiyo yastahili heshima, kwani imetupatia lugha nzuri ya sala. Lakini tuipime. Kitabu chasema «bato babale», watu wawili. Sokoni Kisangani utasikia «bato mibale». Kitabu chasema «mikanda mizali». Watu husema «mikanda ezali». Je, msikilizaji amepotewa na nini? Hakuna. Jina lenyewe limekwisha kumwambia kwamba vitu ni vingi.

Sasa tazama «ndako», nyumba. Kitabuni neno halibadiliki, moja au nyingi. Wingi waonekana katika kitenzi kinachofuata. Watu, waliokwisha kuacha upatano huo, husema «bandako». Hawakuharibu lugha: wameihamisha alama ya wingi, wakaiweka kwenye jina. Hiyo nayo ni sarufi, ingawa hakuna padri aliyeiandika. Hata katika Kiswahili cha Kongo wako wasemao «manyumba».

Kosa basi si la De Boeck, bali letu, tukigeuza viungo vyake kuwa kipimo cha imani. Msomaji wa Misa na ajifunze kusoma sawasawa kama ilivyoandikwa. Lakini mama anayejiandaa kwa ubatizo asiaibishwe mbele ya wenzake kwa sababu amesema «mibale». Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba maneno matano yanayoeleweka yapita maelfu yasiyoeleweka. Na maneno ya mama huyo yaeleweka kabisa.