Kinga ya Fukusi Iliyotoka kwa Maharage ya Mwituni

Maharage yasiyotiwa dawa hayamalizi miezi mingi stoo kabla gunia halijaanza kutoa unga. Ukimwaga kiganjani unaona matundu ya duara: fukusi amekulia ndani ya punje na kutoka akiwa mdudu kamili. Mkulima anayemhofia huuza mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa.

Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo kilichopo Palmira, Colombia, walisaka kinga kwenye maharage yanayolimwa wasipate ya kutegemewa. Wakafungua akiba nyingine: maharage ya mwituni kutoka Mexico, vipunje vidogo ambavyo hakuna mchuuzi angevipokea. Mwaka 1983 walitangaza kwamba baadhi yake yanamshinda fukusi. Siri ni protini iitwayo arselini. Buu likiila, hudumaa au hufa humo humo ndani ya punje. Kwa kuchavusha na kuchagua, CIAT ikaihamishia kwenye maharage ya kulimwa, na kundi la mbegu za RAZ likazaliwa.

Lakini arselini ina nguvu hasa kwa Zabrotes, fukusi wa maeneo ya joto. Acanthoscelides, anayesumbua nyanda za juu zenye baridi, hazuiliki kwa urahisi hivyo. Hapa ndipo benki kubwa ya mbegu inapolipa. Palmira ina sampuli zaidi ya 37,000 za maharage na jamaa zake, na mojawapo, tepari ya mwituni yenye namba G40199, ilikuwa na kinga iliyokosekana.

Kuitoa humo ilikuwa kazi ngumu. Tepari na maharage ya kawaida ni spishi mbili; ukizichavusha, mbegu hufia changa. Inabidi ganda lipasuliwe mapema, kiinitete kitolewe na kulelewa kwenye chupa yenye virutubisho. Chotara akishapatikana, hurudishwa kwa maharage ya kulimwa ili tabia za porini zipungue. Ndivyo G40199 ilivyounganishwa na ICA Pijao, aina ya Colombia. Kutoka hapo Paul Kusolwa wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na James Myers wa Oregon State, Marekani, waliipeleka kinga hiyo kwenye Rojo, aina ambayo Sokoine yenyewe iliitoa mwaka 1997.

Katika kazi ya namna hii, mbegu hupimwa bila kuuawa. Kijipande hukatwa upande usio na kiinitete, protini zake zikasomwa maabara. Sehemu iliyobaki hupandwa. Ufundi huu unastahili sifa kuliko unavyopewa, kwa sababu huokoa misimu mizima ya kubahatisha.

Mwaka 2016 Kusolwa na Myers walitangaza mbegu iliyotokana na kazi hiyo, AO-1012-29-3-3A. Hiyo ni mbegu mzazi, haijawa ya dukani. Wazalishaji wa mbegu wanapaswa kuichavusha na aina zenye rangi, ukubwa na wepesi wa kuiva ambao wanunuzi wa kila soko wameuzoea, kisha kuwafungia fukusi pamoja na punje za uzao huo na kuhesabu wangapi wanatoka.