Majuto, Sharo na Ufundi wa Kuanguka

Vichekesho vya kuanguka, kukimbizana na kupigana makofi vina mtihani mmoja usio na huruma: vitazamwe bila sauti. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tanga na Lushoto yamekuwa yakiufanya mtihani huo kwa miaka mingi bila kukusudia. Skrini imening'inia juu ya dereva, injini inanguruma, kondakta anabishana na abiria aliyepandia Mkata, spika moja imekufa na ya pili inakoroma. Wanayosema waigizaji husikii hata moja. Lakini basi likishapita Segera na kukata kulia kuelekea Muheza, siti za nyuma zinaangua kicheko kwa pamoja, na mama mmoja anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kwenye skrini yupo Mzee Majuto, na wala hajafungua mdomo.

Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kama King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kuigiza jukwaani akiwa na umri wa miaka tisa. Alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini kurekodi kazi zao kwenye kanda za VHS, akaendelea hadi zama za diski. Utu uzima ukiwa umeshamwingia, alikutana kwenye skrini na kijana wa Lusanga, hukohuko Muheza, Hussein Ramadhani Mkiety, aliyejiita Sharo Milionea. Magazeti yaliandika mengi juu ya wawili hao: magari, mapenzi, mikataba, maradhi, mazishi. Namna walivyoifanya kazi yenyewe ya kuchekesha haikuandikwa sana, kana kwamba mtu akishacheka hana tena la kuuliza.

Tuseme ukweli kwanza. Nyingi ya filamu hizo ni mbovu. Hadithi ya dakika 40 inavutwa mpaka ijaze diski mbili, kwa kuwa soko lilizoea sehemu ya kwanza na ya pili. Watu wanakaa sebuleni kwenye makochi wakizungumza jambo ambalo mtazamaji ameshalielewa tangu salamu. Kila mtu akijikwaa, mhariri anabandika mlio wa kinanda, kama vile anatuonea huruma tusije tukakosa kujua kwamba hapo panachekesha. Majuto mwenyewe alikubali kazi nyingi mno, nyingine zikiwa hazimstahili, na kuna anamoonekana wazi kuwa amekuja kumaliza siku. Anayetaka kumdharau hatakosa ushahidi.

Bado, katikati ya kazi iliyopooza namna hiyo, zinatokea dakika tatu au nne ambazo mwongozaji mwenye pesa na shule angezililia. Ndizo ninazotaka tuzitazame kwa utulivu. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, kwa maana safu ya Usambara iliijua sinema mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1935, huko Vugiri, ambayo leo iko wilaya ya Korogwe, Mwingereza aitwaye Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, alianza kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Mradi ulidumu hadi 1937 na kutoa filamu zipatazo 35. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida, na sauti ilitoka kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha. Mojawapo ya za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta: watu wawili wanapata mshahara, mmoja anazifukia fedha zake ardhini na mwizi anazifukua, mwenzake ameziweka posta na zimesalimika. Mjinga wa hadithi ni yule wa shimoni. Mwaka 1952 ikaja *Muhogo Mchungu*, kisa cha mshamba aliyeingia Dar es Salaam, na aliyeicheza ni Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nayo michezo mifupi ya kuchekesha iliyochezwa shuleni enzi za mkoloni, kisha ikahamia kwenye vikundi vya jukwaani, ikipangwa kati ya ngoma na sarakasi, ilipenda mlengwa huyohuyo: mtu wa shamba asiyejua kutumia kijiko.

Majuto alimrithi mshamba huyo na kumgeuza. Mshamba wake haelewi, au anajifanya haelewi, na utamu wote uko hapo. Anakubali kuitwa bwege mpaka apate anachokitaka: wali, nauli, au mke wa pili. Anayemfundisha adabu za mjini ndiye anayetoka na aibu. Na kwa sababu ujanja huu hausemwi, inabidi uonekane mwilini.

Mtazame anapopigwa kofi. Mchekeshaji wa kawaida hurukia pembeni hapohapo na kupiga yowe, maana anaogopa watu wasipocheka mara moja hawatacheka tena. Majuto hana haraka. Kofi limetua, uso haujabadilika. Macho ndiyo yanayoanza safari, polepole, kuelekea kwa aliyempiga. Mdomo unafuata, unafunguka nusu. Mkono unachelewa kufika shavuni, kama taarifa za maumivu zimekwama njiani. Katika kuchelewa huko mtazamaji ameshamaliza hesabu zake zote: atalia, atarudisha, au atakimbia? Anapochagua kukimbia, kicheko kilikwishaiva, kinasubiri kupakuliwa tu.

Halafu kukimbia kwenyewe. Mara nyingi yumo ndani ya msuli, na msuli si vazi la mbio. Lazima mkono mmoja uukamate kiunoni, usije ukadondoka mbele za watu. Kwa hiyo mzee anajitetea kwa mkono mmoja tu, wa kulia ukishauriana na adui na wa kushoto ukilinda heshima. Akiinua mguu kuvuka kizingiti, msuli unamkaba. Akiuachia kidogo, stara iko hatarini. Vazi la kila siku la mwanaume wa pwani limegeuzwa mtego, na hakuna aliyehitaji kutueleza lolote, kwani sisi sote tumewahi kumwona mjomba akiwahi daladala akiwa amevaa hivyo. Buster Keaton alihitaji treni nzima kutengeneza hatari ya aina hiyo.

Sharo aliingia kwa mlango mwingine. Karibu na mwaka 2010 mjini palikuwa na vijana wa kujipamba, suruali za kubana, miwani na mikogo; waliitwa masharobaro, na msanii Bob Junior alijipa urais wao. Kijana kutoka Lusanga, kwenye machungwa na minazi, alimtazama sharobaro huyo kwa jicho la mtu wa Muheza na kumchonga mzimamzima. Bega moja limeshuka. Mkono mmoja unapepea ubavuni bila kazi. Magoti yananesa kila hatua, mguu unatua taratibu kana kwamba ardhi haistahili kiatu. Kabla hajasema "umebugi meen", tayari unamjua: hana senti, anajisifu kwa mali ya kufikirika, na leo hajala.

Ugumu wa mwendo ule hauko katika kuubuni. Kuiga mwendo wa mtu kila mmoja wetu anaweza, hata watoto wa shule ya msingi wanamwiga mwalimu wao. Ugumu ni kuubeba bila kuuangusha. Sharo anakimbizwa, na mwendo upo. Ameinama kupita chini ya kamba ya nguo, bega bado liko chini. Miguu inakimbia lakini maringo yanatembea, na pengo lililopo kati ya hivyo viwili ndilo kichekesho. Angekimbia kama watu wengine, hata mara moja tu, mhusika angekufa pale pale na tungebaki na kijana aliyevaa miwani. Hakumwachia. Kwa mtu aliyefariki akiwa na miaka 27, hiyo ni nidhamu ya kutisha.

Wakiwekwa pamoja, kila mmoja alikuwa na muda wake. Majuto anachelewa, Sharo anatangulia. Kijana anaingia uani na kumwamkia mzee kwa mikogo badala ya shikamoo, tayari amegeuka, tayari ameshika kiuno. Mzee bado yuko kwenye kigoda, anaitafakari salamu ile. Wakati anapoelewa kwamba ametukanwa, mwenzake yuko kwenye jambo la tatu. Sauti ya Majuto, ile ya Kitanga iliyokwaruza, ikija sasa inakuja kama bili ya jana. Wala huhitaji kusikia maneno. Inatosha kuona mmoja yuko mbele ya saa na mwingine yuko nyuma yake, na kwamba muda si mrefu kobazi litaruka hewani.

Na hapa kuna jambo ambalo wakosoaji wamelipiga mawe bila kulitazama vizuri. Filamu zetu za wakati ule zililaumiwa kwa kamera iliyosimama sehemu moja, mbali, ikimeza uwanja wote kwa dakika nzima bila kukata. Lawama ni ya haki kwa filamu ya mapenzi, ambako unataka kuuona uso. Kwa kichekesho cha mwili ni neema tupu. Mtu anayeanguka lazima aonekane amesimama, akipepesuka, mpaka anafika chini, kwa mkupuo mmoja. Ukikata katikati umemwibia. Charlie Chaplin alipenda kamera imwone kuanzia kofia hadi viatu, na alikuwa na studio yake mwenyewe. Huku Tanga walipata picha hiyohiyo kwa sababu kamera ilikuwa moja na siku ya kukodi ilikuwa inaisha. Ufukara ulisaidia kwa bahati tu, sikatai. Lakini bahati haiwezi kumfundisha mtu aanguke vizuri. Kamera ile ile iliwarekodi wengine kibao ambao, wakianguka, unaona kabisa wamechungulia kwanza pa kuangukia. Majuto, mzee wa makamo na baadaye mzee kweli, alianguka kama mtu aliyesahau kwamba chini pako karibu.

Kuna suala la skripti pia. Nyingi ya kazi hizi zilichezwa kwa kupeana wazo kisha kila mtu akajitegemea, jinsi ilivyokuwa jukwaani. Ndiyo maana mazungumzo yanalegea: hakuna aliyeyakaza kwa kalamu. Ila mwili uliolelewa jukwaani haulegei kirahisi. Mtu aliyecheza mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye njaa ya kucheka na wepesi wa kuzomea anajifunza sekunde ya kungoja, na sekunde hiyo hubaki naye hata mbele ya kamera isiyozomea. Wachekeshaji wa redio, hata Pwagu na Pwaguzi waliotufurahisha kupitia Redio Tanzania, walikuwa mabingwa wa sikio. Hii ilikuwa shule nyingine.

Mwaka 2012 ulikuwa mbaya kwa filamu za Tanzania. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili. Tarehe 26 Novemba, usiku, Sharo akiwa anaendesha gari kutoka Dar es Salaam kurudi kwao, alipata ajali eneo la Maguzoni, Songa, kilomita chache tu kabla ya kufika Muheza, na akafia hapo. Alizikwa Lusanga. Majuto alimfuata tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Tanga. Miezi yake ya mwisho iligubikwa na malalamiko ya mikataba ya matangazo isiyomlipa ipasavyo, mpaka waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Ilifaa. Ila sikumbuki kuona kamati ya kuzipitia kazi zenyewe.

Nayo inahitajika. Diski za miaka ile hazikutengenezwa zidumu. Zinakwaruzika, zinapata ukungu, na nyingi zilizopo mtandaoni zimekatwa vipande vya dakika mbili vyenye nembo ya mtu mwingine pembeni na muziki usiohusika juu yake. Kanda za VHS za Majuto wa mwanzo ziko katika hali mbaya zaidi, kama zipo. Bodi ya Filamu Tanzania, TBC na vyuo vinavyofundisha sanaa za maonyesho vinaweza kuzikusanya, na hata Halmashauri ya Muheza ina kila sababu ya kuonyesha kazi za mtoto wake wa Lusanga kwenye ukumbi, kwa picha nzima, watoto wakaingia bure.

Wewe msomaji uliye Muheza, Korogwe, Lushoto au Tanga mjini, huenda una boksi la diski chini ya kitanda, au unamjua aliyekuwa na kibanda cha video ambaye hajatupa vitu vyake. Usizitupe, wala usimuuzie mwokota vyuma chakavu. Zinakiliwe na mtu anayejua kazi hiyo, kisha keti na mwanao au mjukuu wako mzitazame. Sehemu za makochi mzirushe bila aibu. Mkifika pale Sharo anapoingia uani, mwambie mtoto aiangalie miguu, na asiyaondoe macho kwa mzee aliye kwenye kigoda.