Uhamisho, Herufi na Batini: Kuyasoma Maandishi ya Kabala Kutoka Bonde la Ufa

Katika Bonde la Ufa, jina la Myahudi limeandikwa katika historia ya siasa peke yake. Inajulikana kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu, kwamba tume ya watu watatu ilikuja kuikagua mwanzoni mwa 1905, na kwamba mkutano wa Basel wa mwaka huo huo ulilikataa pendekezo hilo. Wachache wanajua pia kuwa kati ya 1947 na 1948 palikuwa na kambi huko Gilgil, mwendo mfupi kutoka Nakuru, ambamo Waingereza waliwazuia wapiganaji wa Kiyahudi waliohamishwa kutoka Palestina bila ya kuhukumiwa. Kuhusu fasihi ya watu hao, hasa ile ya tasawufi, tumekaa kimya. Makala hii inakusudia kuuvunja ukimya huo kwa kulichunguza swali moja ambalo linamhusu mhakiki wa Kiswahili moja kwa moja: je, maafa ya jamii huzaa maandishi ya batini?

Neno lenyewe halituwii geni. Kabala maana yake ni mapokezi, yaani yale aliyoyapokea mwanafunzi kwa mwalimu wake, na mzizi wake ni ule ule wa Kisemiti uliotupa kukubali na kibla kupitia Kiarabu. Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba Kabala ni usufi wa Kiyahudi. Sufi wa pwani yetu alikuwa na tarika, dhikri na ziara. Mwanakabala alikuwa kwanza kabisa msomaji wa Torati, na safari yake ilipitia katika aya.

Maandishi ya mwanzo kabisa, yale ya majumba ya mbinguni na ya gari la enzi alilolishuhudia Nabii Ezekieli, ni masimulizi ya wapandao mbinguni na malaika walinzi wanaodai nywila katika kila lango. Hayo tunayapita upesi. Linalotuhusu zaidi ni Sefer Yetzirah, kitabu kifupi mno ambacho tarehe yake bado inabishaniwa. Humo Mungu anauumba ulimwengu kwa njia 32: hesabu 10 za asili na herufi 22 za Kiebrania, ambazo zinagawanywa katika mama 3, maradufu 7 na sahili 12. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja tungo zetu zilizopangwa kwa kufuata alifu, be, te, kama vile Dura Mandhuma, na pia hesabu ya abjadi. Lakini tofauti ni kubwa. Katika Dura Mandhuma mpangilio wa herufi ni kamba ya kutungia lulu. Humsaidia mtu kuhifadhi mawaidha. Katika Sefer Yetzirah herufi ni udongo na matofali, na kuzipanga upya ni kuugusa uumbaji. Katika karne ya 13 Abraham Abulafia aliifanya kazi hiyo ya kupanga na kupangua herufi kuwa ibada kamili.

Baada ya Bahir, kitabu kilichojitokeza kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, ndipo tunapoufikia mlima wenyewe: Zohar. Kitabu hiki, ambacho jina lake lina maana ya mng'ao, kilianza kuenea Castile, Uhispania, katika miaka ya 1280. Kimeandikwa kwa Kiaramu, nacho kinadai kuwa maneno ya Shimon bar Yochai, mwalimu wa karne ya 2 huko Galilaya. Aliyekisambaza ni Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Kuna habari iliyosimuliwa na Isaac wa Acre kwamba tajiri mmoja alimwahidi mjane wa Moses ndoa ya binti yake ili aupate mswada wa kale. Mjane akajibu kuwa hapakuwa na mswada wowote, kwamba mumewe alikuwa akiandika kutoka kichwani mwake, na kuwa alilitumia jina la Shimon kwa sababu jina hilo lilileta bei nzuri.

Wahakiki wengi husimama hapo na kutamka neno ghushi. Sisi tulio na Fumo Liyongo hatuna haja ya kushtuka hivyo. Tunajua jinsi jina moja kuu linavyoweza kuzivuta tungo za vizazi vingi. Tofauti ni kwamba Liyongo alikusanyiwa na watu, ilhali Shimon wa Zohar ni mhusika aliyebuniwa kwa makusudi: anatembea barabarani pamoja na wenziwe, anakutana na mwendesha punda aliye mwanachuoni wa siri, analia, anacheka. Kwa maoni yetu Zohar ni kazi kubwa ya kubuni kabla ya kuwa kitabu cha mafundisho. Gershom Scholem, aliyethibitisha kwa ushahidi wa lugha kwamba Kiaramu chake kina alama za Uhispania ya zama za kati, alimpa Moses de León kazi hiyo karibu yote. Baadaye Yehuda Liebes alipendekeza kwamba liliandikwa na kundi la wanavyuoni. Pendekezo la Liebes linalingana vizuri zaidi na kitabu chenye sauti nyingi namna ile.

Sasa turejee kwenye swali letu. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Uhispania. Mwaka 1570 Isaac Luria alifika Safed, akafundisha muda usiozidi miaka 3, akafariki mwaka 1572 bila ya kuandika ila kidogo sana; ni mwanafunzi wake, Hayyim Vital, aliyeyaandika mafundisho yake. Katika hadithi ya Luria, Mungu anajiondoa ili kuupisha ulimwengu. Nuru inamiminwa katika vyombo, vyombo vinavunjika, na cheche zinatawanyika hadi mwanadamu azikusanye. Scholem aliisoma hadithi hii kama uhamisho wa 1492 uliogeuzwa kuwa uhamisho wa Mungu mwenyewe.

Ni usomaji unaovutia, na hapa Nakuru unavutia kupita kiasi. Mji uliowapokea watu waliokimbia mashamba yao mwaka 1992, kisha ukawaka wenyewe Januari 2008 na kuwahifadhi maelfu katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, hauna budi kutamani kuamini kwamba mvunjiko huzaa kitabu. Lakini miaka 78 ilipita kati ya kufukuzwa na Luria kufika Safed. Moshe Idel, katika kitabu chake cha 1988, alionyesha kwamba dhana ya Mungu kujibana ilikuwamo katika maandishi ya kabla ya 1492, na kwamba wanafunzi wa Luria hawakuihusisha waziwazi na Uhispania. Tukumbuke pia kwamba kitabu kikuu cha Scholem kilitolewa mwaka 1941, nacho kimetabarukiwa kwa kumbukumbu ya rafiki yake Walter Benjamin, aliyekufa mwaka 1940 mpakani mwa Uhispania akiwakimbia Wanazi. Uhamisho uliokuwa mezani pa Scholem haukuwa wa 1492 tu.

Kosa kama hili limefanywa kuhusu Al-Inkishafi. Tangu toleo la Hichens la 1939, magofu ya Pate yamechukuliwa kuwa chanzo cha utenzi huo, kana kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitazama kuta zilizobomoka akaanza kutunga. Mbona basi swali la wako wapi waliokuwapo lilikuwa kongwe katika mashairi ya Kiarabu ya kuipa dunia nyongo kabla Pate haijaanguka? Mshairi alikuwa na chombo tayari. Magofu yalimpa cha kutia ndani yake. Na anayesemeshwa katika utenzi ni moyo, si mji. Vivyo hivyo Luria alirithi Zohar kwanza, kisha huenda akarithi uhamisho.

Limebaki suala la mfasiri. Kwa Mungu kujiondoa, kujitenga hakufai, kwa kuwa kunaleta ugomvi. Kujibana kunaafiki zaidi. Kwa kazi ya kurekebisha, tunapendekeza kuunga, kama mganga aungavyo mfupa, badala ya kutengeneza. Pingamizi lipo: mfupa ulioungwa huwa ule ule wa zamani, ilhali kwa Luria nuru iliyokusanywa hupangwa katika sura mpya ambazo hazikuwapo kabla ya vyombo kuvunjika. Kufuma upya kungeweza kulibeba jambo hilo, lakini vyombo vile havikuwa vya nyuzi.