Gitare ya maisha: mtihani wa "Masanga"

Bandugu, mukitafuta gitare ya kukaa nayo maisha yote, muache kwanza rangi na jina. Musikilize "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, ile Hugh Tracey alirekodi Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952. Mtu moja, gitare moja, bila ampli, lakini unasikia kama wako wawili: kidole gumba kinatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba juu. Kwangu njo kipimo. Jaribu vile dukani, polepole. Besi ikifunika nyuzi ndogo, rudisha, hata kama muuzaji anakasirika.

Zile za tumbo kubwa sizipendi: mngurumo mingi, maneno kidogo. Ningechukua ya mwili mdogo, uso wake mbao halisi, juu sauti ya mbao halisi inafunguka na miaka. Shida ni kiangazi chetu cha Lubumbashi: hewa inakauka, mbao inapasuka. Kama huna kasha ya kuifungia pamoja na kitambaa chenye maji kidogo, twaa ya tripleksi. Sauti yake haitakomaa sana, lakini itavumilia.

Kuna wenye kusema ya umeme njo inafaa. Na SNEL ikikata?