Sindano Kwanza, Kompyuta Baadaye

Watu wengi wakisikia kwamba santuri ya zamani inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta, hudhani kazi yote ni waya: chomeka huku, chomeka kule, bonyeza kitufe, ngoja wimbo uishe. Wanaofanya hivyo wapo, na ndiyo maana mitandaoni zimejaa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zinazosikika kana kwamba bendi yake ya Super Volcano ilipigia ndani ya pipa. Fundi anayeijua kazi hii huwasha kompyuta mwishoni kabisa. Anajua kwamba sauti yote aliyonayo imechongwa kwenye mfereji mmoja mwembamba, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na tundu la katikati. Kisichookotwa na sindano humo, hakuna programu itakayokitunga baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ina uzito wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, chini ya nembo ya His Master's Voice. Hizo zilikuwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zenye nafasi ya dakika tatu hivi kila upande. Katika miaka ya 1950 Nairobi ikapata kiwanda chake cha kufyatua santuri, na kufikia miaka ya 1970 mji ule ulikuwa kituo cha wanamuziki wa Kenya, Tanzania na Kongo, waliotoa nyimbo zao kwenye sahani za inchi 7, za mizunguko 45. Tepu za studio za nyimbo nyingi zimepotea au zimeoza. Iliyobaki ni sahani yenyewe, baada ya kupita baa, harusi, mikono ya watoto na kabati lenye unyevu wa pwani.

Jambo la kwanza ni kujua umeshika nini. Santuri za 78 zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa India, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, na zikianguka sakafuni huvunjika. Za 45 ni za plastiki. Hizo hazivunjiki kirahisi, ila jua la dirishani huzipinda. Kosa la kawaida ni kuzisafisha zote kwa dawa moja. Spiriti kidogo ndani ya maji inaweza kufaa kwa plastiki, lakini kwenye shelaki huyeyusha santuri na wimbo wake. Kwa hiyo fundi hutumia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, tone la sabuni laini, na brashi inayofuata mzunguko wa mfereji bila kuukata. Karatasi ya katikati, yenye majina, hailoweshwi. Kisha sahani husimamishwa ikauke yenyewe. Ukungu wa miaka arobaini hautoki kwa kupanguswa mara moja, na akiona maji bado yanatoka na weusi, anarudia.

Fundi mmoja niliyemtazama Nairobi aliletewa santuri ya 45 na mama mmoja, akiwa ameifunga kwa gazeti.

"Fundi, hii itaimba kweli?"

"Itaimba, mama. Niachie mpaka kesho."

Mama alipoondoka, fundi aliishika sahani kwa kingo, akaiinamisha chini ya taa na kuizungusha polepole. Mwanga ulipokuwa ukiteleza juu yake, sehemu nyingine zilimetameta na nyingine zikabaki kijivu. Akanionyesha ule ukijivu. "Hapa waliweka sarafu," akasema. Enzi hizo mkono wa mashine uliporuka-ruka, watu walipachika sarafu juu ya kichwa chake ili ukae. Ulikaa kweli, na kila dansi lilipopigwa sindano ilizidi kusaga kuta za mfereji.

Ukuta uliosagika haumaanishi kwamba wimbo umekwisha. Sindano haigusi ukuta wote. Hukaa kwenye kina kimoja tu, na pale ndipo inaposaga. Sindano yenye ncha nene kidogo itakaa juu zaidi, na nyembamba itashuka chini zaidi, mahali ambapo pengine hapajawahi kuguswa tangu santuri itoke kiwandani. Kwa hiyo fundi ana sindano kadhaa. Za 45 huwa na ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 18 hadi 25. Za 78 huzunguka mikroni 65 hadi 75, maana mfereji wake ni mpana. Hupiga sekunde zile zile chache kwa kila sindano, akiwa amefumba macho, kisha huchagua. Tofauti baina ya sindano mbili inaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kusikia maneno ya mwimbaji na kuyakisia.

Kuna ujanja mwingine. Santuri nyingi za zamani si za stirio: mawimbi ya sauti yamechongwa kwa kwenda kulia na kushoto tu. Vumbi na mpindo wa sahani huitikisa sindano juu na chini. Fundi hunasa kuta zote mbili kwa sindano ya stirio, kisha akiziunganisha, mtikisiko wa juu na chini hujifuta wenyewe, na sehemu ya mikwaruzo huondoka bila sauti ya muziki kuguswa. Akikuta ukuta mmoja umeharibika sana, hutumia ule mmoja uliobaki mzima.

Kasi nayo ina mambo yake. Namba 78 ilikuwa jina kuliko kipimo. Kampuni za mwanzoni zilirekodi kwa kasi tofauti. Santuri iliyorekodiwa kwa 82 ikipigwa kwa 78, sauti hushuka karibu nusu toni, mwanamke anakuwa mzito wa sauti na wimbo unaburura miguu. Hakuna chombo kitakachomwambia fundi ukweli, kwa sababu udi na fidla hutiwa tyuni jinsi wapigaji watakavyo siku hiyo. Hubaki kusikiliza namna mwimbaji anavyovuta pumzi na anavyotamka irabu, akiongeza na kupunguza kasi mpaka mtu aonekane mtu. Tundu la katikati likiwa limetobolewa upande, sauti hupanda na kushuka kila mzunguko. Hapo huisogeza sahani kidogo kidogo mpaka mkono wa mashine uache kuyumba.

Baada ya hayo yote ndipo umeme unapoingia. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke mno, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mikwaruzo. Amplifaya ya santuri hugeuza yote mawili. Tangu mwaka 1954 viwanda vilianza kufuata kipimo kimoja, cha RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani; kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na chake, na fundi hulazimika kujua santuri ni ya nani na ya lini. Anayechomeka mashine moja kwa moja kwenye kompyuta hupata wimbo mkavu usio na besi, kisha huilaumu santuri.

Kiwango cha sauti huachiwa nafasi ya desibeli 6 hivi chini ya kikomo, kwa sababu kilele kikishakatwa hakirudi. Miongozo ya IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, hutaka angalau vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24, na mafundi wengi hupanda hadi 96,000. Upande wa dakika 5 kwa kiwango hicho hula megabaiti zaidi ya 170. Faili hilo halihaririwi kamwe. Usafi wote hufanyika kwenye nakala.

Na hapo kwenye nakala ndipo ninapomvulia fundi kofia kuliko popote. Programu zinaweza kutafuta mikwaruzo zenyewe na kuifuta kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kwamba kwa kompyuta, mkwaruzo ni sauti fupi, kali, ya ghafla. Na mchakacho wa kayamba je? Na kidole kinapodonoa waya wa gitaa la solo? Nilimwona fundi wangu akiukuza mchoro wa wimbo mpaka sekunde moja ikajaza kioo kizima, akatafuta mwiba mmoja mrefu, akaufuta peke yake, akasikiliza, akaendelea na mwingine. Mvumo mwembamba ulio chini ya wimbo wote aliuacha. Aliniwekea nakala mbili, moja aliyoiacha na mvumo na nyingine ambayo aliufuta wote kwa kunionyesha. Ile iliyofutwa ilikuwa kimya na safi, lakini matoazi yalikuwa yamekauka na pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti haikuwapo tena.

Santuri zetu za 45 zina mtihani wao wa pekee. Rumba ya dakika tisa haikuweza kuingia upande mmoja, kwa hiyo studio iliikata: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili chemko la magitaa. Sauti hufifia katikati ya mdundo, mtu anageuza sahani, gitaa linarudi. Je, fundi aunganishe? Huyu hutunza pande mbili kama zilivyo, kisha mdundo ukikubali kushikana hutengeneza faili la tatu lililounganishwa na kuandika waziwazi kwamba kiungo ni chake. Huandika pia jina la mtunzi, la bendi, namba ya santuri, na namba iliyochongwa karibu na karatasi ya katikati, halafu huipiga picha karatasi yenyewe. Wimbo usio na jina la mtunzi ni hasara kwa familia yake hata kama unasikika vizuri.

Mama aliporudi alipewa flashi, na santuri yake ndani ya mfuko mpya wa karatasi. Alitaka kuiacha santuri pale, kwa kuwa wimbo sasa uko kwenye flashi. Fundi akakataa, na sababu anayo. Huko California, katika maabara ya Lawrence Berkeley, mwanafizikia Carl Haber na wenzake walikwisha kutengeneza mtambo uitwao IRENE, unaosoma mfereji kwa picha bila kuugusa, hata sahani ikiwa imevunjika. Vifaa vitazidi kuwa bora, na vyote vitahitaji sahani ya kusoma.

"Isimamishe, usiilaze, na usiiweke dirishani," akamwambia. "Nikipata sindano nzuri kuliko hii nitakupigia uilete tena, mama. Hiyo sitakudai."