Kucha za Ralph

Ralph ana miaka 12 na miezi kadhaa anapochaguliwa kuwa mkuu wa wavulana wa Kiingereza ambao ndege yao imeanguka kisiwani. Wasomaji wengi wa Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, humweka yeye upande wa ustaarabu na Jack mwindaji upande wa ushenzi. Naona huko ni kumpunja Golding. Vita kati ya pande hizo amevipiganisha ndani ya Ralph mwenyewe, na ufundi wake unaonekana vizuri kuliko kwingineko katika sura ya 7.

Sura inaanza na mwili. Ralph anazitazama nguo zake zilizokakamaa kwa uchafu, anatamani kuoga kwa sabuni, anatamani mkasi wa kukata nywele zinazomwingia machoni. Kisha anaziona kucha zake: zimetafunwa hadi kwenye nyama, naye hakumbuki tabia hiyo imemrudia lini. Mwandishi hatuambii kwamba kiongozi anaporomoka. Anatuonyesha vidole, basi.

Kurasa chache mbele nguruwe dume anachomoka, Ralph anamrushia mkuki wa mti, unampata puani. Anajisifu. Wavulana wanaanza mchezo wa kuigiza uwindaji, mwenzao Robert akiwa nguruwe. Duara linabana, Robert analia kwa maumivu ya kweli, na Ralph yule yule wa sabuni na mkasi anasukumana na wenzake ili naye aufikie ule mwili, aubane, auumize. Tunayaona haya kwa macho yake, kwa hiyo tumo duarani pamoja naye kabla hatujapata nafasi ya kumhukumu. Kila nikifika hapo moyo hunienda mbio.

Katika sura ya 9, mvulana mwenzao Simon anapouawa na wenzake katika ngoma, Golding anabadili mbinu. Ralph na rafiki yake Piggy wamekaribia ngoma ile, lakini fimbo zinapoanza kushuka hakuna tena majina: kuna umati tu, kama mnyama mmoja mwenye mdomo. Majina yanarudi asubuhi. Ralph anasema yalikuwa mauaji. Piggy anatafuta udhuru.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna la ziada. Ustaarabu ni neno lililotokana na kufuata mwenendo wa Waarabu, na mshenzi aliitwa mtu wa bara na watu wa pwani. Maneno yote mawili yana anwani: wema uko kule, ubaya uko kwa wale. Golding, mwalimu wa shule na mwanajeshi wa majini wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, aliifuta anwani hiyo. Wawindaji wake wa kwanza ni wanakwaya.

Ndiyo maana ukurasa wa mwisho umechongwa kwa makini sana. Afisa wa jeshi la majini anauliza nani mkubwa hapa. Ralph, aliyekuwa akiwindwa dakika chache tu zilizopita, anajibu kwa sauti kwamba ni yeye. Jack anapiga hatua, kisha anasita. Afisa anauliza kama kweli hawajui wako wangapi. Piggy alitaka watoto wahesabiwe tangu mwanzo, na hawakuhesabiwa. Mkuu wao anajibu kwamba hawajui.