Mkuku Kwanza, Kitabu Baadaye

Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, jahazi huundwa bila mchoro. Fundi hulaza mkuku juu ya magogo, akasimamisha mihimili ya omo na tezi, kisha akaanza kupandisha mbao za ubavuni. Kwa desturi ya kale ya Bahari ya Hindi, mataruma mengi, yaani mbavu za ndani za chombo, huingia baadaye, yakifuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulifanya. Mwulize vipimo viko wapi: atarudi nyuma hatua chache, afumbe jicho moja, autazame ubavu wa chombo.

Wapo wanaosema huko ni kubahatisha. Hao hawajamwona fundi akichagua taruma. Hatafuti ubao ulionyooka ili aukate upinde. Hutafuta tawi lililopinda lenyewe mtini. Ukichonga pindo kwa msumeno katika ubao ulionyooka, nyuzi za mti hukatika njiani, na hapo ndipo patakapopasuka siku wimbi likipiga. Tawi lililokua limepinda, nyuzi zake huzunguka pindo lote zikiwa nzima. Kalafati nayo ina akili yake: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwenye kila mwanya, na chombo kikishuka majini mbao hufura, zikaibana. Nadharia ipo, imekamilika, ila makao yake ni mkononi. Hurithiwa pamoja na tezo.

Washairi wanalijua jambo hili. Mswada wa Utendi wa Tambuka ni wa 1728, na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954. Muda wote huo malenga walipanga mizani nane katika kipande cha utenzi kwa sikio tu. Kitabu hakikuwafundisha wao. Kilimfaa aliyezaliwa bara, mbali na malenga wa kumketia miguuni. Si faida ndogo hiyo.

Nisimpambe fundi kupita kiasi, hata hivyo. Mkono hujua ulichokwisha kukishika. Tarehe 10 Agosti 1628, huko Stockholm, meli ya kivita Vasa ilizama katika safari yake ya kwanza, haijafika hata mwendo wa kilomita mbili. Waliounda meli hiyo hawakuwa wanagenzi. Lakini mfalme wa Sweden alitaka sitaha mbili za mizinga mizito, na wao hawakuwa na hesabu ya kuwaambia mapema kama chombo cha namna hiyo kitasimama. Kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa sitahani huku na huku kuijaribu. Ikayumba hata jaribio likasitishwa. Waliiona hatari, wasiweze kuipima.

Hesabu yenyewe ilitoka zaidi ya karne moja baadaye, na mwandishi wake hakuwa seremala. Mfaransa Pierre Bouguer alikuwa katika milima ya Andes, kazini kupima umbo la dunia, alipoandika kitabu chake juu ya meli kilichochapishwa 1746. Meli ikilala upande, alisema, msukumo wa maji kwenda juu hukata mstari wa katikati ya chombo mahali fulani. Mahali hapo pakiwa juu ya kitovu cha uzito, meli hujiinua. Pakiwa chini yake, hupinduka. Tazama basi: jibu la msiba wa bandarini liliandikwa mlimani! Lakini swali lilikuwa la waunda meli.

Lamu yenyewe imekwisha kukutana na jambo jipya. Mwaka 2018 ilishushwa majini Flipflopi, mashua ya plastiki iliyokusanywa kwenye takataka, chini ya fundi Ali Skanda, na mwaka uliofuata ikasafiri hadi Unguja. Plastiki haina nyuzi za mti wala tawi lililopinda. Ujuzi wa babu ulilazimika kujaribiwa upya, kipande kwa kipande.

Ombi langu kwa vyuo vyetu vya uhandisi ni hili: mwiteni fundi wa majahazi afundishe, mumlipe kama mnavyomlipa mhadhiri, na mwanafunzi akashindilie kalafati kabla ya kuketi kwenye mtihani. Na huyo fundi naye apewe hesabu ya Bouguer kwa Kiswahili. Ataielewa upesi kuliko wengi wetu.